Sabini na Mbili kwa Kila Mchezaji

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Klabu ya Miamba, Ndugu Adelard, pamoja na wajumbe wa kamati, mfadhili wetu wa jezi, Mzee Zoeb, na mpwa wako Daktari Fizza, Mwalimu Vaileth, mzazi wa mwenye shughuli, wachezaji wetu, ndugu wageni waalikwa, na nyie mliosimama pale mlangoni kwa kuwa viti vya kukodi vimeisha: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambaye hajaguswa na salamu yoyote, habari za mchana.

Kwa wasionifahamu, mie naitwa Revelian. Nimekuwa katibu wa klabu hii tangu ianzishwe hapa Chang'ombe, miaka kumi na tisa iliyopita, na kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa stoo kiwandani. Leo tunaagana na watu wawili. Tupokigwe, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, anaacha kucheza mpira wa kikapu kwa amri ya daktari. Mie, mwenye miaka sitini na minne, naacha meza ya katibu, na sababu yangu nitaieleza mwenyewe. Mwenyekiti ameniomba nimsifu binti na niseme kwa kifupi. Kumsifu nitamsifu. Ufupi siahidi, mnatujua watu wa Bukoba tukipewa kipaza sauti.

Ndugu wageni waalikwa, Tupokigwe alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka ambao mama yake alihamishwa kutoka shule moja ya Kibamba akaletwa kufundisha huku. Siku ya kwanza alikuja amevaa viatu vya mama yake vya kufundishia, vyeusi, vya kufunga na bizimu. Kocha wetu, Ndugu Isack, akamwambia avue. Akavua, akavipanga vizuri pembeni ya uwanja, akacheza pekupeku kwenye saruji ya saa tisa mchana, na alipomaliza akamwomba Isack maji, si ya kunywa, ya kufutia viatu vumbi kabla hajarudi nyumbani.

Mtoto huyu hajui kutembea. Wanaomfahamu wanacheka, maana wanajua nasema kweli. Ukimwita kutoka upande wa pili wa uwanja anakuja mbio, ukimtuma chumvi anakwenda mbio, na hata akiitwa kupewa cheti anakimbia mpaka mgeni rasmi anarudi nyuma hatua moja. Katika daftari langu la miaka sita ameandikiwa mitupo huru mia mbili na kumi na moja, na mia moja themanini na saba imeingia. Sijawahi kumwandikia mchezaji mwingine hesabu ya namna hiyo, wa kike wala wa kiume.

Lakini daftari hilohilo lina mistari mingine miwili, na leo nimeona niisome. Mwaka juzi, mwezi wa pili: "Tupokigwe ameanguka robo ya tatu. Njaa. Kapewa glukosi." Mwaka jana, mwezi wa kumi: "Tupokigwe ameanguka mazoezini. Jua." Mwandiko ni wangu. Nani aliniambia ni njaa? Hakuna. Nani alipima jua? Mara zote mbili binti aliinuka, akajifuta magoti, akauliza matokeo ni ngapi kwa ngapi. Tukampigia makofi. Mie pia nilipiga.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa naingia kwenye habari ambayo haipo kwenye ratiba.

Kila mwaka kabla ya ligi, kila mchezaji hujaziwa fomu ya afya. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Inataka jina, umri, presha, mapigo ya moyo kwa dakika, jina la aliyepima, na muhuri wa klabu. Mwaka wetu wa kwanza tulifanya mambo kwa utaratibu: tulimleta muuguzi na mashine yake, tukamwekea meza na kitambaa cheupe. Wachezaji wakachelewa. Muuguzi akaanza kuangalia saa, na wale wachache waliokuwa wamefika walikuwa wanaogopa kile kitambaa cha kubana mkono. Nikakaa mie, nikakunja shati, nikawaambia tazameni, hakiumi. Muuguzi akasoma: mapigo sabini na mawili, presha mia na ishirini kwa themanini. Akanisifu kwamba nina afya ya kijana. Kisha akaondoka, kwa sababu alikuwa na zamu.

Fomu kumi na nne zilitakiwa kesho yake asubuhi. Mlitaka nifanyeje? Nilikuwa na kipimo kimoja, cha kweli, kilichopimwa na muuguzi wa kweli. Nikakiandika kwenye fomu kumi na nne. Fomu zikapokelewa, ligi ikachezwa, hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata nikaandika tena. Nilikuwaga nabadilisha kalamu, fomu saba kwa wino wa buluu na saba kwa mweusi, ili zisionekane zimejazwa kwa mkupuo. Ila namba sikuibadilisha hata siku moja. Nilijiambia nikiandika sabini na tano au sitini na nane nitakuwa nimetunga, na mie si mtu wa kutunga. Ndivyo mtu anavyoweza kudanganya miaka kumi na tisa huku anajiona mwaminifu. Sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya fomu hizo, nikiri na hilo.

Mheshimiwa Diwani, mwaka huu mambo yalibadilika kwa sababu ya Mzee Zoeb. Alipotukabidhi jezi mpya alisema, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Jezi nimetoa, Katibu, sasa na mie nina ombi. Fizza mpwa wangu amemaliza udaktari. Awapime watoto, hata siku moja tu." Nikamjibu kwamba haina haja, wachezaji wetu wote wazima, fomu zipo. Akasema, "Zipo, sawa. Apime tu, basi." Mtu aliyekupa jezi ishirini na nane utamkataliaje?

Daktari Fizza alikuja Jumamosi. Wachezaji wote walikuwa wamefika, safari hii. Tupokigwe alikuwa wa tisa. Daktari akaweka kile kipimo chake cha masikioni kifuani pa binti, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Akamwambia achuchumae, kisha asimame. Akasikiliza mara ya tatu. Halafu akaniuliza mie, "Huyu aliwahi kuanguka?" Nikasema mara mbili, njaa na jua. Daktari akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali, kwenye ile mashine inayouonyesha moyo ukifanya kazi.

Majibu yalitoka Jumanne. Nayasema kwa ruhusa ya Tupokigwe na ya mama yake. Msuli wa moyo wake umenenepa kuliko inavyotakiwa. Amezaliwa na hali hiyo, na ilikuwa inaongezeka kadiri anavyokua. Anaweza kusoma, kufanya kazi, kuolewa akitaka, kuishi mpaka azeeke. Kukimbia mashindano hawezi. Binti alimuuliza daktari bingwa swali moja: nikicheza nitakufa? Daktari bingwa akamjibu, "Sijui. Inaweza isitokee kabisa, na inaweza ikatokea kesho." Daktari aliyesema vile namheshimu, maana na yeye angeweza kuandika namba yoyote.

Wengi wenu mnajua kwamba binti alikuwa ameitwa kwenye kambi ya vipaji Nairobi, ambako makocha wa vyuo vya nje huja kuchagua wachezaji na kuwasomesha. Katika mkoa wetu waliitwa wasichana wawili. Kambi ilitaka fomu ya afya ya klabu, yenye muhuri, kabla ya Ijumaa.

Jumanne hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, Tupokigwe alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa barazani na mafaili yangu. Naomba niwape maneno yake kama alivyoyasema.

"Shikamoo Katibu."

"Marahaba mwanangu. Majibu vipi?"

"Wamesema moyo umenenepa. Lakini ishu siyo hiyo. Ishu ni kambi. Fomu inatakiwa Ijumaa."

"Daktari kasemaje kuhusu kucheza?"

"Kasema nisicheze. Sasa Katibu, mwaka jana nani alinipima? Mwaka juzi je? Na nimecheza. Wewe si huwa unaandikaga tu?"

Hakusema kwa dharau, ndugu zangu. Ingekuwa dharau ningejua la kujibu. Alisema kwa kunitegemea, kama mtu anayemkumbusha fundi kazi ambayo ameshamwona akiifanya. Nikamuuliza, ukianguka huko Nairobi je? Akasema, "Nikianguka nitainuka. Si nimeinuka mara mbili?"

Nikaandika. Mapigo sabini na mawili. Presha mia na ishirini kwa themanini. Nikapiga muhuri, nikapuliza wino ukauka, nikampa. Naona Daktari Fizza ameinamisha kichwa, na ana haki. Sitasema niliandika kwa mapenzi tu. Ni kweli nampenda mtoto huyu, lakini kulikuwa na jambo la pili na ndilo lililokuwa kubwa: nilikuwa naona aibu. Ningemkatalia yeye, angeniuliza kwa nini wengine wote sikuwakatalia. Niliona ni rahisi kumwacha aende kuliko kulijibu swali hilo. Aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

Fomu ya Nairobi ilihitaji pia sahihi ya mzazi. Hilo nililisahau.

Kesho yake baada ya masomo, Mwalimu Vaileth alikuja na binti nyuma yake. Alinisalimia vizuri, akakaa, akakataa chai. Akaniomba faili la fomu za mwaka jana. Nilidhani anataka ya mwanawe, nikamtolea. Akasema, "Hapana Katibu, naomba zote." Nikampa zote. Mwalimu alizipanga mezani pangu kumi na nne, safu mbili, na kwa namna alivyozipanga nikajua ameshika madaftari ya watoto wa watu kwa miaka mingi. Alizitazama kwa muda. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, lakini hakuandika chochote.

Ndipo akasema, "Katibu, mie nasahihisha kila siku. Watoto kumi na wanne wakiwa na jibu moja, huwa siulizi kama wamenakili. Hilo linajulikana. Huwa nauliza wamenakili kwa nani. Hapa mwenye jibu lake ni nani?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani. Niliwahi kuhojiwa na wakaguzi wa stoo siku nne mfululizo na sikutoka jasho. Siku ile nilitoka jasho. Nikasema, "Ni mie, Mwalimu. Ni yangu. Nilipimwa mara moja, mwaka wa kwanza."

Mwalimu akageuka kumtazama mwanawe. Tupokigwe alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza, na ile fomu ya Nairobi ilikuwa mkononi mwake. Akasema polepole, "Kwa hiyo miaka yote sita, kwenye makaratasi nilikuwa nakimbia na moyo wa Katibu."

Mama yake hakumwambia chana wala peleka, na hilo nalisisitiza mbele yenu, kwa sababu mtaani inasemwa kwamba Mwalimu alimnyang'anya. Hakumnyang'anya. Alimwambia tu, "Una miaka kumi na tisa, Tupo. Mie sahihi yangu sitaiweka chini ya moyo wa mtu mwingine. La kwako amua mwenyewe." Binti akakaa kwenye ngazi. Akalia, si kidogo. Mke wangu akatoka jikoni na kanga, akamfunika mabega, akarudi ndani bila kuuliza. Jua likashuka tukiwa hivyo, watu watatu tunaangalia karatasi moja. Kisha binti akaikunja mara nne, akaniwekea kwenye faili, na akaniuliza muhuri huwa nauweka wapi.

Mwenyekiti, barua kwa kambi ilikwenda Ijumaa, ikisema kweli. Wamejibu kwa upole. Nafasi yake amepewa mwingine.

Ndugu wageni waalikwa, mnajua sifa ya mchezaji huwa inahesabiwa kwa vikapu. Mie nimewahesabia watu vikapu miaka kumi na tisa. Ila naomba leo mniruhusu nimsifu binti huyu kwa kitu ambacho hakuna aliyekiandika kwenye ubao wa matokeo: alikuwa na karatasi yenye muhuri mkononi, mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu angegundua mpaka Nairobi, na akairudisha. Kuna mtu mzima humu ndani angeirudisha? Mie niliyeiandika sikuirudisha. Inaniuma, na itaendelea kuniuma, na sina nia ya kuwaomba mniambie haidhuru.

Wiki mbili sasa Tupokigwe, ambaye ndiye anayerithi meza yangu, amekuwa akiwapima wenzake. Daktari Fizza amemfundisha kutumia mashine ya presha na kushika mapigo kwa vidole viwili na saa ya mkononi, na yeyote mwenye dalili anapelekwa kwa daktari. Fomu za mwaka huu zimejazwa. Nimezisoma zote kumi na nne na hakuna namba mbili zinazofanana kwenye mstari mmoja. Yuko wa sitini na nne, yuko wa themanini na moja. Wawili hawajagongewa muhuri. Mmoja ni Tupokigwe mwenyewe, wa pili ni Chausiku, ambaye ni mlinzi wetu bora, na wote tunajua maana yake. Damu ya Chausiku imepungua. Ameambiwa apumzike wiki tatu.

Hapo ndipo nataka kusema na wewe, ndugu yangu Adelard, kwa heshima zote. Jana mchana ulinipigia simu. Ulisema, zungumza na huyo binti, bado mgeni wa kazi, Jumamosi tunafungua ligi, Chausiku anaonekana mzima kabisa. Nilikwambia nitalizungumza. Sasa ndiyo nalizungumza. Hata Tupokigwe alionekana mzima kabisa. Tumemwomba aache kitu alichokipenda kuliko vyote kwa sababu ya alichokiona daktari, na ameacha. Wiki tatu za Chausiku tunashindwaje? Tukifungwa Jumamosi, tutafungwa. Nishawahi kuandika matokeo ya kufungwa, kalamu haikukataa.

Nimalizie na makabidhiano. Juzi nilimwita Tupokigwe barazani nimwonyeshe mafaili, pedi ya wino na huo muhuri wenyewe, ambao mpini wake ulivunjika zamani na nimeufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Akasikiliza yote. Kisha akasema, "Kaa, Katibu. Kunja mkono wa shati."

Nikamwambia mie simo kwenye ligi. Akasema, "Najua. Lakini kwenye faili umo mara nyingi kuliko mtu yeyote. Nataka nilifunge vizuri." Mwalimu kamzaa mwalimu, niliona. Nikakaa, nikakunja shati, kama mwaka ule wa kwanza.

Mapigo tisini na sita. Presha mia na sabini na mbili kwa mia moja na nne. Akapima upya, ikarudi ileile. Nilimwambia huenda ni kwa sababu nimetoka kupanda ngazi. Akachukua fomu mpya, akaandika jina langu, akaandika tisini na sita, na pale pa kugonga muhuri akaacha wazi. Fomu ninayo hapa mfukoni. Jumatatu ijayo naonana na daktari, kwa hiyo naomba wapishi wa leo wasinipe chumvi.

Ukweli ni kwamba nilisikia raha. Namba yangu ya zamani niliigawa kwa watoto wa watu mpaka nikasahau kwamba hata mie nazeeka. Mtu wa kwanza kuninyima muhuri wa Miamba ndiye huyohuyo niliyetaka kumpeleka Nairobi na moyo usio wake. Chausiku, Jumamosi niwekee nafasi benchi. Tutakaa watatu wasioruhusiwa.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti, Mzee Zoeb, Daktari, Mwalimu, wachezaji, na nyie mliosimama mlangoni mpaka miguu imechoka: dakika zenu nimezila zaidi ya kumi na hamjanikatisha, kwa hilo nawashukuruni nyote. Muhuri wa klabu ni huu hapa. Tupokigwe, njoo uuchukue.

Tembea tu, mwanangu. Tunakusubiri.